Sura ya Mgongo

Tuanze na neno, kwa sababu neno ndilo lililotufikisha hapa. Mtu akipigwa picha katika mji wetu, hakuna anayeuliza kama picha ni nzuri. Wanauliza: ametoka? Akitoka, ametoka: masikio mawili, macho mawili, viatu viwili, mkono juu ya stuli yenye ua la plastiki, na uso mkavu kama wa mtu anayesomewa hukumu. Asipotoka, hajatoka, na hakuna maelezo yatakayomtoa. Nimeishi na neno hilo tangu nipate akili na halikuwahi kunisumbua, mpaka mke wangu Sikudhani alipofariki, na mwenyekiti wa msiba akasimama mlangoni kwangu, akakunja mikono, akasema marehemu hawezi kutoka ndani ya nyumba kwa sababu hakuna picha hata moja aliyotoka.

Ninyi mnaosoma mtasema ni mchezo wa maneno. Sisi tuliozikana kwa neno hilo hatukuona mchezo wowote. Kwetu jeneza halitangulii. Inatangulia picha, imeshikwa kifuani na mtu wa karibu, ili kila anayekutana na msafara aone uso na ajue ni nani anayeondoka. Asiye na uso mbele yake haondoki. Wabebaji wanainama, wanashika, wanahesabu pamoja, na jeneza linakataa. Nimeliona likikataa kwa macho yangu, wanaume wazima wanatoka jasho juu ya maiti ya kikongwe mwembamba. Kwa hiyo Sikudhani alikuwa chumbani, juu ya godoro la sufi nililolishona mwenyewe, maana mimi ni fundi magodoro. Hakuharibika, hakupoa vizuri, hakuamka. Msiba ulikaa. Turubai lilipauka likawa rangi ya maji ya mchele. Wanawake waliokuja kunipa pole wakiwa wajawazito sasa walikuwa wakiwafukuza watoto wao wasikimbie karibu na masufuria. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati la jirani na halikuonyesha dalili ya kuondoka. Hakuna aliyeshangaa. Katika mji wetu hata muda husubiri picha itoke.

Mwenyekiti huyo anaitwa Bwana Mkude, na ndiye pia mwenye studio, studio pekee tuliyo nayo. Sisemi kwamba vyeo hivyo viwili vinakwenda pamoja kwa hila. Nasema tu kwamba vinakwenda pamoja. Studio yake ina pazia lililochorwa ngazi za ndege, na kila mtu wa mji huu amesimama chini ya ngazi hizo akiwa na viatu vya kuazima. Marehemu wote tuliowazika walitangulia wakiwa chini ya ngazi hizo. Kama huko waendako kuna mtu anayewapokea, basi lazima anadhani sisi ni taifa la abiria walioachwa na ndege.

Sikudhani naye alipita pale mara moja, siku tulipooana. Tulisimama kwenye pazia, Bwana Mkude akatuambia tusipumue, tukashika pumzi mpaka kichwa kikazunguka. Baadaye akatuma habari kwamba picha zimeungua. Mkanda umeingia mwanga, basi, jambo la kawaida. Lakini waliosikia walisikia neno kuungua, wakaja na ndoo za maji, wengine na mablanketi na sukari ya pole ya moto, wakatukuta tumekaa tunakula. Mke wangu alicheka siku ile mpaka akajifunika kanga. Hakukubali tena kupigwa. Alisema kuungua mara moja kunatosha.

Basi nawaambia ukweli ulionitia hofu kuliko kifo chenyewe. Nilikaa kando ya godoro, uso wake umefunikwa shuka kwa desturi yetu, nikajaribu kumkumbuka.

Pua. Ilikuwa pua. Ya watu wa kwao.

Macho yake, ndiyo, mawili.

Alikuwa na kidoti. Shavu la kulia. Au ni kulia kwangu, yaani kushoto kwake?

Mdomo akicheka alikuwa anaufunika. Kwa hiyo mdomo nilikuwa nao nusu.

Nikanyanyua mkono nifunue shuka nihakikishe, nikaogopa. Nilimwogopa mke wangu mwenyewe, nikiogopa nisimtambue. Miaka yote ile nililala na uso gani? Je, mtu yupo wapi hasa, kama aliyekula naye, akagombana naye, akamkanda mgongo akiwa na homa, hawezi kueleza sura yake kwa polisi? Niliona aibu. Nililia kwa aibu kabla sijalia kwa huzuni, na hadi leo sijui machozi yapi yalikuwa ya nini.

Hapo ndipo Kashindye alipoingia uani amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa gazeti.

Kashindye ni mpiga picha, mwanamke, lakini si wa aina yetu. Alitokea mji mwingine, suruali ya mifuko mingi, kamera shingoni, na hakuwa na pazia. Tulimwona akipiga mlango mtupu. Tulimwona akimpiga mbuzi kivuli chake akamwacha mbuzi mwenyewe. Watu wakasema maskini, hajui, anajifunza. Mama mmoja akamwambia kwa upole, mwanangu, rudi nyuma kidogo, miguu ya huyo mtu haijaingia. Siku moja alikaa kwenye mkeka wangu, pembeni yangu, nikiwa nachambua sufi. Sikudhani alikuwa amejitwisha godoro lililoviringishwa, anampelekea mteja. Alipofika kwenye njia ya miiba, Kashindye akanyanyua kamera. Klik, mara moja. Sikuona cha kupiga pale. Mtu anakwenda zake.

Picha ile ikakuzwa, ikatundikwa kwenye ukumbi mweupe wa mji mwingine, ambako watu huinamisha kichwa upande, wanasema “mm”, halafu wanarudi nyuma hatua wanasema “mm” tena. Tulikwenda kuiona, mtaa mzima, tumevaa vizuri. Mke wangu alionekana kwa nyuma. Godoro kichwani, shingo, kanga imelowa jasho katikati ya mabega, kisigino cha kushoto kimenyanyuka. Na haikuwa na rangi. Watu wetu waliizunguka wakatafuta upande wa pili.

“Mbona hajatoka?” akauliza mmoja.

“Kageuka huyu. Angeambiwa ageuke.”

“Fundi, pole. Wamekuharibia mkeo.”

Bwana Mkude alikuwapo, mikono nyuma. Aliitazama kama daktari anavyotazama dawa za mganga. “Sikio halipo hata moja,” akasema. “Hii huwezi kuibandika popote.”

Nami nilimfuata Kashindye nikiwa na hasira, nikamuuliza kwa nini amempiga mke wangu mgongoni. Kwetu anayempiga mtu mgongoni ni mwoga. Akacheka, halafu akaona sicheki, akaacha. Akasema, “Mimi sikupiga sura yake, fundi. Nimepiga anavyokwenda.” Nikamwambia kwenda kwa mtu hakuwekwi kwenye fremu. Nilikuwa na hasira nyingine ambayo sikumwambia. Picha ile ilikuwa imepigwa kutoka kwenye mkeka wangu. Kila alfajiri na kila mchana nilikuwa nikimwona hivyo hivyo, pale pale, kisigino kile. Sikuwahi kujua kwamba ninaangalia. Mgeni akaja mara moja, akachukua macho yangu, akayatundika ukutani kwa watu.

Sasa alisimama uani pangu, akafungua gazeti. “Nimesikia amekwama,” akasema. “Nimemleta.”

Kamati ya msiba ilikusanyika. Picha iliegemezwa kwenye gunia la mkaa, wakaitazama kama watu wanaotazama kitanda kilichokosewa vipimo.

“Dada mpiga picha,” akasema Bwana Mkude, na sauti yake haikuwa mbaya, ni lazima niseme hivyo, “wewe una sanaa yako na sisi hatukukatazi. Lakini msiba si sanaa. Mtu anayekutana nasi njiani atamwona nani hapa? Mwanamke yeyote aliyebeba godoro.”

“Anayemjua atamjua,” akasema Kashindye.

“Aliyemjua hahitaji picha. Picha ni ya asiyemjua.”

Lilikuwa neno zito, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Kama sisi hatukuhitaji picha, mbona nilikuwa nimekaa chumbani nikihangaika na pua?

“Ipo njia,” akasema Bwana Mkude. Akageuka, na wote tukageuka naye, tukamtazama Semeni.

Semeni ni mdogo wake Sikudhani, tumbo moja. Alikuwa jikoni anakuna nazi. Watu walizoea kusema wanafanana, kwa namna watu wanavyosema vitu wakiwa hawana la kusema. Bwana Mkude akaeleza taratibu: Semeni avae gauni la dada yake, akae studio, atoke yeye, atangulizwe yeye, na jeneza litakubali. “Sura ni ile ile,” akasema. “Nani atajua?”

Kila mtu wa mji huu anajua ni nini humpata aliyeazimisha uso wake, ila huwa hatusemi mbele ya kamati. Uso uliotangulia jeneza unazikwa. Nilipokuwa kijana mtu mmoja alimwazimisha uso pacha wake aliyefariki, na aliporudi kutoka makaburini mke wake alimkaribisha kama mgeni, akamuuliza anamtafuta nani. Alikaa kibarazani kwake mpaka akachoka, akaenda zake.

“Semeni, usikubali,” nikasema.

Akapangusa mikono yenye tui kwenye kanga. “Shemeji, dada alinibeba mgongoni mpaka nikaota meno. Leo yeye amelala humo hana pa kwenda, mimi ninakuna nazi. Uso ni kitu gani? Waufanye wanavyotaka.”

Niseme nilimzuia? Sikumzuia zaidi ya hapo. Nilitaka mke wangu azikwe. Nilichoka kunywa chai ya msiba.

Tulikwenda studio. Semeni akasimama chini ya ngazi za ndege, gauni la dada yake limempwaya mabegani. Bwana Mkude akamrekebisha kidevu kwa kidole, akamtoa nywele masikioni, akampangia viatu sambamba. Alifanya kwa mapenzi, kwa kweli. Alikuwa amewapanga hivyo watu wote tuliowapenda, naye akampa kila mmoja wetu kitu cha kubaki nacho. “Usipumue,” akasema. Semeni akashika pumzi. Ikapigwa.

Nikaingia na Bwana Mkude chumba cha giza, ile taa nyekundu inamfanya kila mtu aonekane amekasirika. Akaitia karatasi kwenye maji ya dawa, akaitikisa polepole. Kwanza zilitoka ngazi. Halafu viatu, halafu gauni. Uso ulikuja mwisho, ukapanda kutoka chini kama mtu anayeinuka kutoka kitandani, na nilipouona moyo wangu uliruka. Nilisema, “Sikudhani.” Nilisema kwa sauti, kwa furaha, mbele ya Bwana Mkude, huku nikijua huyu ni Semeni niliyemwacha nje ya mlango.

“Unaona?” akasema. “Ametoka.”

Hapo nilijua nimeibiwa, na mwizi ni mimi. Pua ile ikakaa mahali pa pua niliyokuwa nikiitafuta. Macho yakakaa mahali pa macho. Kile kidogo nilichobaki nacho, nusu mdomo na kidoti kisichojua shavu lake, kikafunikwa hapo hapo. Picha nzuri ilikuwa inamfuta mke wangu kwa heshima zote, masikio mawili, viatu viwili.

Tulipotoka nje Semeni alikuwa ameketi chini kwenye jua. Mwanamke aliyepita akamsalimia, “Hujambo, Sikudhani?” naye akaitikia, “Sijambo.” Akajishika mdomo. “Shemeji, nimeitikia,” akasema. “Nimeitikia bila kufikiri.” Njiani tuliporudi walimwita hivyo tena na tena, watu wema, hakuna aliyekusudia baya, na kila mara aliitikia upesi zaidi. Tulipofika msibani mwanawe alimkimbilia, akasimama ghafla katikati ya uwanja, akaenda kushika gauni la mama mwingine. Semeni hakumwita. Aliingia chumbani, akajinyoosha sakafuni kando ya godoro la sufi lililobaki tupu, akasema amechoka, anaomba alale kidogo.

“Semeni,” nikamwita.

Nikainama, nikamtikisa bega.

“Semeni!”

“Semeni yuko jikoni,” akasema, macho amefumba.

Sebuleni wabebaji, waliokuwa wamekwisha kumlaza Sikudhani kwenye jeneza, walikuwa wamelishika kulijaribu, na nikasikia wakishangilia, limekuwa jepesi. Bwana Mkude alikuwa tayari ameipigilia picha kwenye fremu, bado mbichi. Alininyooshea niishike kifuani. Ilikuwa imekwisha, mnaelewa? Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mikono tu. Ningewazika wote wawili kwa safari moja, mtu akanipa pole, na pilau ikaliwa.

Niliichukua picha ile, nikaivunja fremu, nikaichana. Karatasi mbichi haichaniki vizuri, inanyumbuka. Ilibidi nitumie meno. Watu walipiga kelele. Mtu mmoja akanishika kiuno akidhani msiba umeniingia kichwani, nikamsukuma. Jeneza likashuka chini kwa kishindo, wabebaji wakaruka kulinda vidole vyao.

“Sasa atatoka na nini?” Bwana Mkude akaniuliza. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. “Fundi, atatoka na nini?”

“Na hiyo,” nikasema, nikaonyesha uani, kwenye gunia la mkaa.

“Huo ni mgongo! Ukiushika kifuani, watakaokutana nasi wataona mtu anakwenda kinyume, anarudi nyumbani kwako. Utamrudisha. Umefikiri hilo?”

Sikuwa nimefikiri. Nilisimama pale na picha mikononi, na kwa mara ya kwanza niliitazama bila hasira. Alikuwa anakwenda. Ukiwa nyuma yake, alikuwa anakwenda, na hakuna mahali pengine pa kumwona isipokuwa nyuma yake. Nikamwambia Kashindye anisaidie. Akanielewa kabla sijamaliza. Tuliifunga picha mgongoni kwangu kwa kanga mbili, mgongo wake nje, mgongo wangu ndani, fundo kifuani kama anavyofungwa mtoto. Ilikuwa nzito, pembe zake zikanichoma mbavu.

“Watakaokutana nasi hawataona picha yoyote,” akasema Bwana Mkude.

“Wataniona mimi.”

Nikaanza kwenda. Sikujua kama jeneza limenyanyuka. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu aliyejitwisha, maana mzigo ulinilazimisha, na nikashika ile njia ya miiba kwa sababu miguu yangu ilikuwa inaijua kwa macho. Nilidhani wamebaki. Nilidhani ninazika fremu, peke yangu, mjinga mmoja barabarani. Halafu nikasikia nyayo, chache, kisha nyingi, na zile nzito za wabebaji katikati. Jua likasogea, nikaona kivuli changu kinarefuka mbele yangu baada ya muda ule wote.

Mwanzo walinong'ona. Halafu mama mmoja, yule yule aliyesema nimeharibiwa mke, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwona jirani njiani:

“Huyo Sikudhani anakwenda.”

“Ndiye,” mwingine akasema. “Si unaona kisigino?”

“Sikudhani! Pole pole, mama!”

“Tungoje!”

Wakaanza kumkimbilia. Nilisikia vishindo vya miguu yao. Wanaume wazima walikuwa wakimwita, wanamwomba asimame, wamesahau kwamba wao ndio wamembeba. Bwana Mkude alikuwa miongoni mwao. Nilitambua sauti yake, alikuwa anauliza wenzake, anauliza kama mtoto, kwa nini hageuki, kwa nini hageuki. Na katikati ya kelele zile mlango wa nyumba yangu ukapigwa ukutani, na mwanamke akatoka anakimbia pekupeku, analia kwa sauti yake mwenyewe ambayo si ya mtu mwingine yeyote: “Dada! Dada, mimi Semeni, usiniache!” Mtoto wake akapiga yowe la kumtambua mama.

Nilitaka kugeuka. Mwili mzima ulitaka kugeuka nami nimwone, mara moja tu, anavyokwenda. Lakini ningegeuka wao wangeniona mimi, fundi magodoro mwenye sufi kwenye nywele, naye angepotea nyuma yangu. Kwa hiyo sikugeuka. Nilikaza fundo la kanga nikaendelea kwenda, na mji mzima ukamwona mke wangu akiondoka, isipokuwa mimi.